Kupata Mbegu ya Mwani wa Kulisha Mifugo: Mwongozo kwa Anayeanza

Tangu habari zienee kwamba mbuzi na ng'ombe wanaweza kula mwani, maswali yanayonijia ni yale yale matatu. Mbegu (yaani vipande vya mwani hai vya kupanda) napata wapi? Nianze na kilo ngapi? Na kwa nini yangu imekufa wiki ya pili? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, pwani na barazani, nikaona heri niyaandike mahali pamoja ili mtu aende nayo mpaka shambani.

Ninaandika nikiwa mashariki ya Unguja, ambako mwani ulianza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Mengi utakayoyasoma yatamfaa pia aliyeko Pemba, Mlingotini kule Bagamoyo, Tanga, au Kibuyuni upande wa Kwale nchini Kenya, kwa sababu bahari ni moja na upepo ni ule ule wa kusi na kaskazi.

Ila kabla hujaingia majini, shika hili: mwani ni kiungo cha chakula cha mifugo, si majani. Una madini mengi na chumvi nyingi. Ukimjazia mbuzi hori zima la mwani utamuumiza. Mtu hunitajia wale kondoo wa kisiwa cha North Ronaldsay, Uskoti, wanaoishi kwa mwani mtupu. Ni kweli, wapo, wamewekwa upande wa bahari kwa ukuta uliojengwa mwaka 1832. Lakini wale wamezoea kizazi baada ya kizazi, na miili yao imebadilika kwa ajili hiyo. Mbuzi wako wa Makunduchi hajapitia hayo.

Chagua mwani kwanza, mbegu baadaye

Spinosamu ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza. Matawi yake ni membamba, yana vimiiba vidogo vilivyojipanga kama pete, na unavumilia joto kuliko mwenzake. Mbegu yake iko karibu kila kijiji kinacholima.

Kotonii ni mnene, laini, hauna vimiiba, na wanunuzi wanaulipia zaidi. Lakini maji yakipata moto unakufa haraka, na hapa Unguja wakulima wengi wameuacha kwa sababu hiyo. Kwa chakula cha mifugo huna haja ya kuhangaika nao.

Halafu kuna ule wa kijani, mwembamba kama jani la saladi, unaoota wenyewe kwenye mawe na madimbwi ya pwani. Wataalamu wanauita Ulva. Huo una protini zaidi ya hao wawili, hasa ukikua kwenye maji yenye rutuba kama yatokayo kwenye mabwawa ya samaki. Huko Makoba, kaskazini magharibi ya Unguja, watafiti walikwisha kuujaribu kwenye maji ya mabwawa, nao ukawa unakua huku ukiyasafisha. Nitaueleza kwa ufupi mwishoni mwa hatua, kwa kuwa si kila mtu ana bwawa.

Wengine wameshasoma kuhusu Asparagopsis, ule mwani mwekundu unaopunguza gesi ya methani inayotoka tumboni mwa ng'ombe. Sitaufundisha hapa. Kinachofanya kazi ndani yake ni kemikali inayoitwa bromofomu, ambayo huruka hewani mwani unapoanikwa juani, na ikizidi ina madhara. Mbegu yake hukuzwa maabara, na kipimo chake kwa ng'ombe ni cha mizani ya maabara. Mwachie mwenye maabara.

Ukusanye hivi kabla ya kuanza

- Ruhusa. Hapa Zanzibar anza kwa sheha na kamati ya uvuvi ya shehia. Bara na Kenya anza na BMU ya kijiji chako, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi. Sehemu nyingi za pwani zina wenyewe hata kama huoni kigingi.
- Kamba ya nailoni ya milimita 4.
- Taitai, vile vikamba vyembamba vya kufungia mbegu.
- Vigingi vya urefu wa nusu mita hadi sentimita 60. Tumia fito za mvinje. Usikate mikoko, ukiikata, pwani inaliwa na mawimbi na shamba lako linajaa matope.
- Kisu kikali kisicho na kutu, na nyundo nzito.
- Magunia ya katani mawili au matatu, au matenga.
- Mizani ya kuning'iniza. Watu huiacha hii kwa kuona ni gharama bure. Bila mizani utakuwa unakisia tu kama mbegu inakua au inakonda.
- Viatu vya kufunika mguu mzima. Kuna samaki aina ya taa mchangani na wadudu wenye miiba mirefu kwenye mawe.
- Kalenda ya mwezi, au mzee anayejua maji. Kazi hii hufanywa wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali. Siku za maji mafu hutalifikia shamba.

Kilo ngapi?

Hesabu nianze nayo hapa, maana wengi hununua gunia zima kwa pupa na nusu inaoza.

Mbuzi wa kilo 30 hula kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Mwani mkavu uliosagwa usizidi asilimia 1 hadi 2 ya hicho, yaani gramu 10 hadi 20. Tuchukue gramu 15. Mbuzi 10 ni gramu 150 kwa siku, na kwa wiki sita, ambao ndio muda wa mwani kukomaa, ni kilo 6 na gramu 300. Kilo 10 za mwani mbichi, ukishaoshwa na kukauka, nahesabu kilo moja. Kwa hiyo unahitaji kuvuna kilo 63 mbichi kila wiki sita.

Mwani unaokua asilimia 3 kwa siku, na huo ni ukuaji mzuri wa kawaida, gramu 100 zinafika karibu gramu 345 kwa siku 42. Ukipanda kilo 25 utavuna kama kilo 86. Ukirudisha kilo 25 ziwe mbegu tena, zinabaki 61, pungufu kidogo tu ya zile 63. Basi mtu mwenye mbuzi 10 anataka kilo 25 za mbegu tu, vishada 250 vya gramu 100, vikiachana sentimita 20. Hizo ni kamba 10 au 11 za mita tano tano. Ni kipande kidogo kuliko uwanja wa nyumba yako.

Lakini kwanza nunua kilo tano. Sababu iko hatua ya 2.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta jirani anayelima maji yanayofanana na yako.

Swali la "mbegu napata wapi" jibu lake ni fupi: kwa mkulima wa karibu zaidi mwenye shamba linalostawi. Maji yakiwa ya namna moja, mbegu haishtuki. Mbegu iliyokulia maji baridi yanayopita kasi nje kidogo ya mwamba, ukiipeleka dimbwini kwenye maji ya moto yaliyotulia, itapauka hata ikiwa nzuri namna gani. Nenda wakati wa bamvua, wakute kinamama shambani, uone mwenyewe. Usiagize kwa simu mbegu ambayo hujaiona ikiwa majini.

Ukikosa jirani, ulizia ofisi ya uvuvi ya wilaya. Hapa Unguja Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanajua vijiji gani vina mbegu. Kenya waulize KMFRI, taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi. Ukiwa mgeni wa kijiji, mtu wa kukutambulisha ana thamani kuliko pesa. Mbegu nyingi bado hutolewa kwa ujirani: leo unapewa, kesho yake yanapomkuta wewe unampa.

*Onyo:* usilete mbegu kutoka nchi nyingine kimyakimya, hata ikiwa ni kijifuko mkobani. Magonjwa na mwani wa kusumbua husafiri hivyo hivyo, na ukishaingia pwani hautoki. Hata kutoka Unguja kwenda bara, pitia kwa maofisa wa uvuvi.

2. Jaribu kwa kilo tano, sehemu tatu.

Funga kamba tatu mahali patatu tofauti ndani ya eneo ulilopewa. Pima vishada vitano kwenye kila kamba, uvifunge taitai ya rangi ili uvijue. Baada ya siku 14 vipime tena. Kishada cha gramu 100 kilichofika gramu 150 kinakwambia mahali hapo ni pazuri. Kikiwa 120 au chini ya hapo, hapo pana kasoro, na kuongeza mbegu hakutaitibu. Wiki mbili hizi zinawachosha watu, nalijua hilo. Lakini waliozikimbia ndio hao wanaoniuliza kwa nini mbegu imekufa.

Mahali pazuri ni pale ambapo maji yakikupwa kabisa bado yanabaki angalau ya kufika chini kidogo ya goti, mchanga ni mgumu kiasi, maji yanatembea, na hakuna mto wala mfereji wa maji ya mvua unaomwaga karibu. Majani machache ya bahari si tatizo. Usiyang'oe, ndimo samaki wadogo wanamozaliwa.

3. Ichague mbegu kwa macho, kwa vidole na kwa pua.

Hapa ndipo kazi yote ilipo, nami nitakaa kidogo.

Macho: tafuta rangi moja iliyokolea, iwe kahawia, kijani au nyekundu. Rangi yenyewe si neno. Neno ni iwe sawa kutoka shinani hadi nchani. Ncha ziwe nyingi na kali kama zimechongwa. Ncha butu, zilizokatika au nyeupe, achana nazo. Inua tawi ulielekeze juani: ukiona sehemu inapitisha mwanga kama kioo, pale ugonjwa umeshaanza hata kama rangi bado iko.

Vidole: chukua tawi moja ulikunje. Zuri linavunjika kwa mlio, tak, na pale lilipovunjika panakuwa pakavu na pasafi. Baya linakunjika kama mpira, au linaacha ute unaonata vidoleni. Kisha pitisha kidole kutoka shinani kwenda nchani. Ukihisi vinyweleo au vichembe kama mchanga uliogandana, hao ni mwani mwingine mdogo waliodandia. Ukipanda hiyo, unawapanda na wao.

Pua: mbegu hunuka bahari. Ikinuka kama mboga iliyolala sufuriani, imekwisha.

Umri nao ni jambo. Chukua mwani wa siku 25 hadi 45. Ule uliokaa miezi mitatu shambani unaonekana mkubwa na wa kuvutia, mtu anafurahi anapopewa, kumbe umeshazeeka; shina ni gumu, ncha ni chache, na ukuaji wake ni wa kusuasua. Mwombe mwenye shamba akukatie ncha, wewe umwachie mashina akakaushe auze. Hapo hata yeye hapati hasara.

Na ukiona kwenye shamba zima kuna vipande vyeupe hapa na pale, ondoka. Usijiambie utachagua vizuri. Rudi bamvua lijalo, au nenda kijiji kingine.

4. Kata asubuhi, majini.

Ukate mbegu ikiwa bado ndani ya maji, kwa kisu kikali, mkato mmoja. Kukwanyua kwa mkono kunaacha jeraha lililochanika, na ugonjwa huanzia hapo. Vipande viwe vya gramu 50 hadi 100, vyenye ncha nyingi. Suuza kila kipande kwenye maji ya bahari mpaka mchanga, konokono na nyuzi vitoke. Fanya kazi jua halijapanda.

5. Isafirishe kama mgonjwa.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa magunia manne ya mbegu kwa gari ya mizigo kutoka upande wa pili wa kisiwa. Yalipangwa juu ya bati la gari, ya viroba vya plastiki, yakiwa yamefungwa midomo, saa sita mchana. Nilipofungua la kwanza mvuke ulinipiga usoni. Mbegu ilikuwa bado ina rangi yake, kwa hiyo tukaipanda, wanawake kumi na mmoja na mimi, tukashinda majini mpaka maji yakatufukuza. Siku ya nne yote ilikuwa nyeupe. Mama mmoja aliokota kishada akakiweka kiganjani, kikamyeyukia. Pesa za magunia yale zilikuwa za kikundi, na sijazisahau.

Tangu siku ile tunafanya hivi: mbegu inawekwa kwenye gunia la katani au tenga, si kiroba cha plastiki. Haishindiliwi. Gunia linaloweshwa kwa maji ya bahari kabla ya safari, na kidumu cha maji ya bahari kinapanda gari pamoja nalo. Kila baada ya saa mbili tunamwagia. Juu tunafunika kwa majani mabichi au kitambaa chenye maji, gari linakwenda jioni au alfajiri. Maji ya bomba hayagusi mbegu, wala ya mvua. Pia usiiloweke kwenye ndoo iliyofunikwa ukidhani unaihurumia. Maji yaliyosimama yanapata moto na mbegu inakosa hewa.

Lengo ni kupanda siku ile ile. Ukichelewa maji, itie kwenye wavu wa macho makubwa, uufunge kwenye kigingi baharini ilale humo usiku. Ndani ya gunia isizidi siku moja.

*Onyo:* gunia lililobeba saruji, mbolea au mkaa halifai hata ukilifua.

6. Panda.

Piga vigingi kwa safu, kamba ziachane sentimita 30 hivi, na zielekee mkondo wa maji, zisiukinge. Funga taitai kwenye kamba nchi kavu ili majini ubaki na kazi ya kufunga mbegu tu. Kishada kifungwe kiasi cha kuingia ncha ya kidole kati ya taitai na shina. Ukikaza sana kinajikata. Ukilegeza kinakwenda na maji. Kamba iwe juu ya mchanga kwa sentimita 20 hadi 30, kishada kisiburuzike chini.

Msimu mzuri wa kuanza ni mvua za masika zikishakwisha na maji yakipoa. Kusi ina mawimbi, hasa kwetu mashariki, kwa hiyo vigingi vizame nusu. Usianze kamwe Januari au Februari, maji ya kaskazi yanapochemka.

7. Shamba la kwanza lote ni mbegu.

Mavuno ya kwanza usimpe mbuzi hata tawi moja. Kilo tano zinakuwa 17, kumi na saba zinakuwa 59. Wiki 12 tu, na hapo una kilo 25 zako za shamba na ziada ya kumgawia jirani. Nimeona watu wenye hamu wakivuna kila kitu wiki ya sita, wakaanika, wakasaga, kisha wakarudi kwangu kuuliza mbegu napata wapi.

Baada ya hapo tenga kamba tatu ziwe kitalu. Kitalu kiwe mahali penye maji mengi na baridi zaidi, mbali kidogo na shamba. Kila wiki tatu au nne kata ncha mpya upande upya, mashina ya zamani uyaondoe. Kitalu hakivunwi kwa chakula. Ukiweza, mwekee kitalu cha pili rafiki wa kijiji kingine, na yeye akuwekee chake. Ugonjwa ukipita kwako, mbegu yako iko kwake.

8. Pita kila bamvua.

Tikisa kamba, mchanga udondoke. Ondoa nyuzi, taka na vishada vyenye weupe. Vyenye weupe vitoe nje ya maji kabisa ukaanike pwani. Kuvitupa pembeni ya shamba ni kuurudisha ugonjwa nyumbani kwa mlango wa nyuma.

9. Vuna, osha, anika.

Siku ya 42 hadi 45. Suuza kwa maji ya bahari kuondoa mchanga na makombe, kisha mara mbili kwa maji baridi ya kisima ili chumvi ipungue. Hapa ndipo mwani wa mifugo unapoachana na mwani wa kuuza: mnunuzi hataki uoshwe kwa maji ya kisima, kwa hiyo tenganisha mafungu mapema. Anika juu ya chanja, si mchangani. Mchanga unasaga meno ya mnyama na kutuama tumboni. Siku mbili au tatu za jua kali, mpaka uvunjike. Saga au twanga, weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko.

10. Mpe mnyama kidogo kidogo.

Wiki ya kwanza chembe za vidole viwili kwa mbuzi, zimechanganywa na pumba. Ongeza taratibu mpaka gramu 10 hadi 20. Kuku: gramu 10 kwa kila kilo ya chakula. Kama unawapa jiwe la chumvi, liondoe kwa sasa, na maji ya kunywa yasikauke hata saa moja. Wanaokamuliwa uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu madini ya joto yaliyomo kwenye mwani huingia kwenye maziwa anayokunywa mtoto wako. Kama mnyama ana mimba au ni mgonjwa, muulize kwanza daktari wa mifugo.

Mwani uliotupwa na mawimbi ufukweni si chakula. Hujui umekaa siku ngapi, na ule wa kahawia unaoelea kwa vifuko vyake vya hewa unaweza kubeba aseniki nyingi.

Kwa mwenye bwawa: mbegu ya Ulva

Hii hainunuliwi, inaokotwa. Nenda kwenye madimbwi ya mwamba mahali pasipo na mfereji wa maji machafu, bandari wala gati, maana Ulva hunyonya kila kilichomo majini, kizuri na kibaya. Chukua majani mazima ya kijani yasiyo na kingo nyeupe, gonga konokono watoke, suuza. Kilo moja inatosha kuanza. Tia ndani ya wavu kwenye mfereji wa kutolea maji ya bwawa la samaki wa mwatiko, si ndani ya bwawa lenyewe, samaki wataula. Vuna nusu kila wiki moja au mbili. Ukiuacha usongamane unajiozesha. Ukiona kingo zinapauka na maji yamekuwa ya kijani, umetoa mbegu zake na jani limekwisha. Okota upya.

Mambo yakienda kombo

*Ncha zimekuwa nyeupe, tawi linakatika lenyewe.* Huo ndio ugonjwa wa weupe, wanaouita aisi-aisi. Huanza mwani ukishachoka: joto, maji ya mvua, au maji yaliyotulia. Kata ukiacha sehemu nzima tu, hamishia maji ya kina zaidi, punguza msongamano. Ukishapita theluthi ya shamba, vuna wote ulio mzima mara moja.

*Ncha zimeliwa, mashina yamebaki kama yamenyolewa.* Ni samaki wanaoitwa tasi. Wanapenda mbegu changa. Panda wakati mmoja na majirani ili hasara igawanyike, au zungushia wavu wiki mbili za mwanzo. Kilichong'olewa chote kwa kishindo kuna uwezekano ni kasa. Msogezee shamba, usimdhuru, analindwa na sheria.

*Vinyweleo vimejaa.* Maji hayatembei, au ulivileta na mbegu. Vuna mapema, kausha kamba na taitai juani siku tatu, anza na mbegu kutoka kwingine.

*Mbegu haifi wala haikui.* Pima. Kama ni chini ya gramu 120 kwa wiki mbili, sogeza kamba mbili sehemu nyingine, uziache nyingine pale pale, ulinganishe. Kama hata huko ni hivyo hivyo, mbegu imezeeka. Imekatwa na kukatwa tena kutoka shina lile lile miaka mingi. Badilishana na kijiji cha mbali kidogo.

*Yote imepauka siku tatu baada ya kupanda.* Iliumia safarini. Rudi hatua ya 5.

*Vishada vinapotea, taitai zimebaki.* Ulifunga mashina membamba. Funga pale tawi linapogawanyika, taitai ipite kwenye panda.

*Mbuzi wanaunusa na kuondoka.* Chumvi bado nyingi, au umevunda. Osha mara ya tatu, anika upya, changanya na pumba ya mpunga iliyoloweshwa kidogo. Kuna mbuzi atakayekataa siku kumi na kuukubali ya kumi na moja.

*Wanahara au wanakunywa maji kupita kiasi.* Acha mwani siku hiyo hiyo, wape majani makavu na maji. Wakitulia, anza tena kwa nusu ya kipimo. Wasipotulia kwa siku moja, mwite daktari wa mifugo na umwonyeshe ule mwani wenyewe, usimweleze kwa mdomo tu.